Ziwa Liko Wapi? Mwongozo wa Matembezi ya Kando ya Maji, Pemba na Unguja

Kila likizo ya skuli ikikaribia naulizwa swali lile lile kwa sura tofauti. Jamaa aliyeko bara anauliza, "Huko kwenu kuna ziwa la kwenda kutembea?" Mtoto wa kaka yangu aliyeko mjini Unguja ananiandikia, "Ami, nataka kuwapeleka wenzangu shamba, pahala penye maji, lakini si ufukwe wa mahoteli." Mwalimu mmoja anataka kupeleka wanafunzi arubaini mikokoni, na hajui aondoke nao saa ngapi. Jibu ni refu na nimelitoa vipande vipande mara nyingi mno. Leo naliweka lote pahala pamoja.

Kwanza hilo la ziwa. Ziwa la kufananisha na Victoria au Tanganyika hatuna. Sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya Unguja ni jiwe la matumbawe. Mvua ikinyesha, maji yanazama na kwenda kukaa mapangoni. Pemba ina vilima na mabonde yanayoshika maji, ndiyo maana unaona mpunga kila ukiteremka, lakini napo kinachoitwa ziwa ni bwawa unaloweza kulizunguka kabla chai haijapoa. Majina yasikudanganye. Ziwani iko Unguja mjini, na Ziwani nyingine iko Wilaya ya Chake Chake; ukienda na ndoano utarudi nayo kavu. Mgeni mmoja alisikia jina la Maziwang'ombe, kule Micheweni, akaniuliza maziwa hayo yana samaki gani.

Tulichonacho ni ghuba na mikoko inayojaa na kukauka mara mbili kwa siku, vijito na maziwa madogo ya maji baridi, na mapango yenye maji ndani. Mikoko na ghuba ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, maana ndiyo inayowashinda watu. Mimi ni mtu wa Wete, kwa hiyo mifano mingi ni ya Pemba, lakini maji ya Unguja nayo yanafuata mwezi huo huo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Tarehe ya mwezi mwandamo. Ndiyo, hiki ni kitu cha kubeba, na kinatangulia vingine vyote. Sababu iko hatua ya kwanza.
- Viatu vya kufunga mguuni ambavyo huvionei huruma: raba kuukuu au yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Ndara hapana. Tope la mikokoni linakula ndara moja, inayobaki haina kazi.
- Maji ya kunywa, lita 2 kwa kila mtu. Mikokoni hakuna duka, na jua la kaskazi likipiga juu ya tope jeupe linakuchoma kutoka juu na kutoka chini.
- Kanga mbili. Moja ya kujifunika ukipita kijijini, nyingine ya kukalia, kufungia mzigo, kumbebea mtoto aliyechoka, au kumfungia aliyejikata.
- Kopo lenye kifuniko cha kubana, la kutilia simu na pesa. Usije na mfuko wa plastiki; visiwani umepigwa marufuku, na bandarini unaweza kunyang'anywa.
- Taulo kavu. Hili ni kwa ajili ya maji baridi, nitalieleza.
- Fimbo iliyonyooka, urefu wa kifuani. Hiyo ndiyo itakayogusa tope kabla ya mguu wako.
- Noti ndogondogo za nauli, kiingilio na mwenyeji. Shamba hakuna wa kukuvunjia noti ya elfu kumi saa moja asubuhi.
- Mwenyeji wa pale pale. Akili yako ya mjini haitoshi, wala yangu ya Wete haitoshi nikienda Micheweni.

Hatua kwa hatua

1. Tazama mwezi kwanza, gari baadaye.

Kosa la kwanza la kila mgeni ni kuchagua Jumapili kwa sababu ni Jumapili. Bahari haina Jumapili. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa hadi kukauka ni kama saa sita na ushei, na kila siku inayofuata yanachelewa kwa wastani wa dakika 50. Nadharia imeishia hapo, yanayobaki ni hesabu ya vidole.

Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, yaani tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi mwandamo, huwa ni bamvua. Maji yanajaa sana na kukauka sana. Tofauti ya juu na chini hufika karibu mita 4. Siku hizo maji yetu hukauka kabisa kati ya saa nne na nusu asubuhi na saa sita mchana hivi. Ndiyo siku utakazowaona kina mama wakiteremka pwani na ndoo asubuhi, na ndizo siku nzuri za kutembea: kuna mwanga na uwanja mpana, na unarudi kabla ya jioni.

Mwezi ukiwa nusu, kama tarehe 8 na 22, ni maji mafu. Hayajai sana wala hayakauki sana, na kukauka kwenyewe huangukia alasiri kuelekea magharibi. Siku hizo usiende mikokoni kwa miguu. Nenda msituni au pangoni, au tafuta mwenye mtumbwi.

Hesabu hii ni ya kupangia tu. Siku yenyewe ikifika, tazama jedwali la maji la bandarini au kwenye simu, kisha muulize mvuvi. Wakitofautiana, mfuate mvuvi.

2. Chagua pahala kulingana na watu ulionao.

Ukiwa Unguja na una wazee, watoto wadogo au watu wasiotaka tope, nenda Pete, karibu na Jozani. Pana njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, unatembea na viatu vyako vya sala. Ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004, kwa hiyo kwa safari ile ile mnawaona na kima punju. Magari ya Makunduchi na Jambiani yanapita mlangoni. Pale njia ya mbao inapendeza zaidi maji yakiwa yamejaa, kinyume na pahala pengine pote nitakapopataja.

Wenye miguu ya kutembea waende Chwaka siku ya bamvua. Ghuba nzima inabaki mchanga na majani ya bahari, na watu wanaonekana mbali kama punje za pilipili manga.

Pemba, ninayoipenda zaidi ni safari ya Ngezi na Vumawimbi, kaskazini magharibi: msitu, maji baridi na bahari kwa siku moja. Nairudia hatua ya 8. Vihori vya mikoko, yaani vighuba vyembamba vinavyoingia nchi kavu, viko karibu kila upande wa kisiwa. Ukiangalia ramani ya Pemba utaona pwani yake imechanikachanika kama ukindu. Chagua cha karibu na unapomjua mtu.

3. Piga hodi.

Pwani ya kijiji ni uwanja wa nyumba ya watu. Ukiwa kundi la zaidi ya watu watano, mwone sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, au mtume mwenyeji wako amwone. Haichukui robo saa: salamu, mnatoka wapi, mnakwenda wapi, mtarudi saa ngapi. Hilo la mwisho ni faida yako mwenyewe, maana msiporudi kuna anayejua.

Ukipishana na mtu mzima, shikamoo kwanza, maswali baadaye. Vaa nguo za heshima mpaka mtoke kijijini. Usimpige picha mama aliyeinama kwenye mwani au anayechokoa chaza bila kumuomba, akikataa, amekataa. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Na kuna mapango, miti mikubwa na maziwa madogo ambayo wazee wanayahesabu kuwa ni mizimu. Mwenyeji akisema, "Hapa tusipite," zungukeni. Usianze kumhoji pale pale.

4. Fika kabla maji hayajamaliza kutoka.

Ikiwa maji yanakauka saa tano, uwe umekwisha kukanyaga mchanga saa tatu. Watu wanafika saa tano kamili, wanapiga picha nusu saa, ndipo wanaanza kutembea, na wao hawajui kuwa wanatembea kuelekea kwenye maji yanayorudi. Saa mbili za kabla ya kukauka ndizo zako, maana kila hatua unayopiga mbele maji nayo yanakwenda mbele.

Chukua alama mbili ulipoingilia: mnazi ulioinama, paa la msikiti, kitu kirefu kisichohama. Mashua si alama. Nimewahi kuwatafuta watu walioweka alama kwenye ngalawa nyekundu, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka nayo kwenda kuvua.

5. Soma ardhi kwa fimbo.

Mchanga wenye mistari midogo kama ubao wa kufulia ni mgumu, kanyaga bila wasiwasi. Tope linalong'aa kama limepakwa mafuta ni laini. Chomeka fimbo, ikizama zaidi ya kiwiko zunguka. Penye mizizi pana nguvu kuliko penye uwazi, kwa hiyo mikokoni kanyaga karibu na shina ingawa njia ya katikati inaonekana nyoofu.

Kwenye maji ya kifundoni usinyanyue miguu, iburure. Taa, yule samaki bapa, hujifukia mchangani, na mguu unaoburura unamgusa ubavuni akaondoka zake. Mguu unaoshuka kutoka juu unamkanyaga mgongoni, naye ana mwiba. Ukifika kwenye mawe, angalia viumbe wenye miiba mieusi mirefu waliojibana mashimoni. Mwiba wao unakatikia mguuni na ndani ya wiki mbili utakuwa unaukumbuka kila ukivaa kiatu.

6. Mikokoni, punguza mwendo mpaka ukaribie kusimama.

Watu wengi wanapita mikokoni kama wanakimbilia gari, halafu wanasema hakuna kitu. Simama. Hesabu pumzi hamsini bila kutikisika. Kwanza utasikia mlio mdogo kama mafuta yanayoanza kuchemka kikaangoni. Hilo ni tope lenyewe likipumua mashimoni. Kisha kaa wanatoka. Yupo mdogo mwenye gando moja kubwa kuliko mwili wake, analipandisha na kulishusha kama anaita gari. Huyo ni dume, jike magando yake yote mawili ni madogo. Samaki wa kidole kimoja wanarukaruka juu ya tope kana kwamba wamesahau kuwa ni samaki. Ukijikuna tu, wote wameingia ndani na unaanza kuhesabu upya.

Wafundishe watoto miti minne, inatosha kwa siku moja. Mkoko wenyewe una mizizi ya matao, unasimama kama mdudu buibui, na mbegu yake ndefu inaning'inia kama mkuki ikingoja kudondoka na kuchoma tope. Mchu unatoa vijiti vyembamba kutoka ardhini kuuzunguka, kama mtu amepanda penseli. Chuma jani moja ulirambe, lina chumvi, maana mti unaitolea huko. Mlilana unapenda kukaa mbele kabisa, unapokea wimbi. Mkandaa ni mfupi, hukaa nyuma karibu na nchi kavu, na gome lake ndilo lililokuwa likitumika kutia rangi ngozi na nyavu. Usikate tawi la mti wowote, hata la fimbo. Ukataji wa mikoko una sheria yake, na fimbo nimekwambia uje nayo.

7. Ukitoka mikokoni kwenda uwandani, angalia mashamba ya watu.

Safu za vijiti vyenye kamba ni shamba la mwani, hata kama hakuna ua. Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani ya Paje na Jambiani, na wengi wanaokilima ni wanawake. Kamba moja ikikanyagwa, vishada vinavyokatika vinakwenda na maji na kazi ya wiki kadhaa imekwenda navyo. Pita mwishoni mwa safu, hata kama ni mwendo mrefu.

Pia usigeuze mawe kutafuta pweza. Ukigeuza jiwe moja kwa kuchungulia, lirudishe lilivyokuwa, upande wa juu juu. Baadhi ya vijiji hufunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na mgeni anayeonekana na mti wa kuchokolea atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Saa ya kukauka ikifika, popote ulipo, geuka. Usingoje maji yageuke ndipo na wewe ugeuke. Saa ya kwanza yanarudi polepole, na hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Saa ya tatu na ya nne yanaingia kwa nguvu; karibu nusu ya maji yote huingia katika saa mbili hizo. Tena hayaji kutoka mbele peke yake. Yanaingia kwanza kwenye mikondo iliyoko nyuma yako, kati yako na kijiji, wakati mbele yako bado ni mchanga mkavu.

Mimi nilijifunza hili nikiwa na umri wa kutosha kujua. Nilikuwa na binamu yangu katika kihori kimoja si mbali na Wete, bamvua, tumekaa juu ya jiwe tunakula mihogo ya kuchemsha. Bi mkubwa mmoja akapita na ndoo ya chaza kichwani, hakusimama, akasema tu, "Maji yashageuka, wanangu." Tukamjibu, "Ahsante, bibi, tunamaliza." Mbele yetu kulikuwa kukavu kabisa. Tulipofika kwenye mkondo tuliouvuka asubuhi kwa maji ya kifundoni, ulikuwa kiunoni na unavuta. Kwenye ukingo wa pili niliziona nyayo za yule bibi mchangani, ndogo, zimenyooka, zinaanza kujaa maji moja moja kuanzia ya karibu. Tulivuka tumeshikana mikono, simu ya binamu ikafa, na mihogo ikabaki juu ya jiwe.

8. Maji baridi: tazama, usiingie.

Sasa hayo mnayoyaita maziwa. Safari yangu ya mfano ni hii. Panda gari ya Konde, kutoka Chake au Wete. Konde kunywa chai yako kabisa, kwa sababu mbele yake vibanda ni vya kubahatisha. Kutoka hapo chukua bodaboda mpaka mlango wa Msitu wa Ngezi, upande wa Makangale. Lipa kiingilio, chukua mtembezaji wa msitu. Msitu una mivule mikubwa, na una mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba tu. Kwenye mabonde yake maji husimama, na baada ya masika yanatanuka mpaka njiani. Asubuhi na mapema utawakuta yangeyange wamesimama ukingoni kwa mguu mmoja, na yungiyungi zimefunguka. Kwenye saa nne zinaanza kuchoka na jua.

Simama ukingoni hapo hapo. Kwenye vijito, mabwawa na maziwa ya Pemba, na ya kaskazini na katikati ya Unguja, wapo konokono wadogo wanaobeba kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono na kuingia kwenye ngozi iliyo majini, ngozi nzima isiyo na kidonda. Dakika chache zinatosha, na hutoka kwa wingi zaidi mchana jua likiwa kali, saa ile ile ambayo maji yanakuvutia. Utawaona watoto wa kijiji wanaogelea na mama anafua. Hiyo si dalili kuwa maji ni salama. Wao hawana bomba jirani, wewe unayo maji ya chupa begani. Usioge, usioshe miguu, usiruhusu mtoto aingie kuchuma yungiyungi. Ukilazimika kuvuka, vuka kwa haraka, kisha jifute kwa nguvu na ile taulo kavu papo hapo.

Maji ya chumvi hayana kichocho. Kwa hiyo anayetaka kuoga ajizuie mpaka Vumawimbi, upande wa pili wa msitu: mchanga mweupe, mrefu, na siku za katikati ya wiki huenda mkawa nyinyi na wavuvi wawili tu. Wenye nguvu bado wanaweza kuendelea mpaka mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Mimi huwa naishia kwenye mchanga.

Ukikubali kulala jirani, muulize mtembezaji kuhusu matembezi ya usiku. Yupo bundi mdogo wa Pemba asiyepatikana pengine popote duniani, na komba wanalia kama watoto wachanga. Mweleze mapema mtu mwenye moyo mdogo.

9. Mapangoni.

Haraka tu. Mangapwani na Kuza, Jambiani, ndiyo mapango yenye maji yanayofikika kwa urahisi Unguja. Nenda na tochi halisi pamoja na ya simu, shuka kwa kushika ukuta maana mawe yanateleza, na usiingie peke yako. Maji ya pangoni mara nyingi ni ya kunywa ya watu, kwa hiyo sabuni na mafuta ya mwilini viache juu.

Mambo yakienda kombo

*Maji yamenizunguka.* Usikate moja kwa moja kuelekea nyumba unazoziona. Kati yako nazo mara nyingi ndipo penye mkondo. Tafuta tuta la mchanga lililo juu zaidi, ulifuate hata kama linazunguka. Vuka pale mkondo ulipotanuka, ndipo penye kina kidogo. Pembamba ndipo penye kina. Fimbo mbele, mtoto begani. Maji yakifika kifuani, rudi ulipotoka, punga kanga, mwite mwenye mtumbwi. Kupiga kelele pwani si aibu.

*Nimezama topeni mpaka magotini.* Usivute mguu kwa nguvu, mwingine utazama zaidi. Kaa chini, ndiyo, kaa topeni, uzito usambae. Tikisa kisigino taratibu maji yaingie pembeni, kisha vuta mguu kwa mshazari. Kiatu kikitaka kubaki, kiache.

*Nimechomwa na taa.* Toa mguu majini, uoshe, kisha uchovye kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa au zaidi. Moto unapunguza maumivu sana. Mtu mwingine ajaribu joto la maji kwa mkono wake, maana mguu unaouma haujui kupima. Kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua; kipande cha mwiba kinaweza kuwa kimebaki ndani. Ukichomwa tumboni au kifuani, usichomoe kitu, nenda moja kwa moja.

*Nilikwisha kuoga ziwani kabla ya kusoma haya.* Usikimbilie kumeza dawa siku hiyo hiyo. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaweza kunusurika. Mweleze daktari tarehe uliyoingia majini na pahala penyewe, naye atakupangia wiki ya kupima. Ukiona damu kwenye mkojo, usingoje tarehe yoyote.

*Mwili mzima unawasha baada ya kupita kichakani.* Huo ni upupu. Usikune wala usipanguse kwa mkono, unausambaza. Pakaza majivu makavu au tope, liache likauke, likibanduka linaondoka nao. Nguo zifuliwe mbali na za watoto.

*Mvua imetukuta Ngezi.* Njia ya udongo inakuwa sabuni na bodaboda wengi wanagoma, wana haki. Subirini mlangoni. Baada ya mvua angalieni siafu njiani. Suruali ndani ya soksi, na msisimame kupiga soga juu ya mstari mweusi unaotembea.

*Tumeona mikoko tu, hakuna ndege.* Mlifika maji yakiwa yamekauka kabisa, na ndege wametawanyika mbali uwandani wanakula. Rudini saa mbili baada ya maji kugeuka, mkae nchi kavu kimya. Maji yanawasukuma wenyewe mpaka karibu yenu. Sululu na membe hutua makundi kwa makundi kwenye tuta la mwisho lililobaki.

*Gari ya mwisho imetuacha Konde.* Hutokea, khasa Ijumaa na siku za msiba mkubwa kijijini, magari yakiwa yamekodiwa. Msitawanyike kila mtu na bodaboda yake usiku. Mmoja aende msikitini baada ya Magharibi, atoe salamu, aeleze shida. Hapatapita nusu saa kabla hajapatikana mtu mwenye gari, au binamu wa mtu mwenye gari. Kubalianeni nauli kabla ya kupanda, na mkipewa chakula mle kwanza, dereva atangoja.